Nane na tano anasema kumi na mbili: je, nimkataze vidole?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nzuguni hapa Dodoma na nina genge la mbogamboga. Mwanangu wa pili ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Hesabu ya kujumlisha hawezi mpaka achore vistari daftarini au ahesabu vidole. Nikimuuliza 8 + 5 mara nyingi anasema 12, na 6 + 3 anasema 8. Mwalimu wake ameniambia nimzuie vidole, la sivyo atabaki nyuma. Kijana anayemfundisha tuisheni anasema nimkaririshe jedwali lote la kujumlisha. Ninachoshangaa, gengeni mtoto huyohuyo ananisaidia kurudisha chenji na hakosei. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama, na mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Vidole nitavifikia. Nianze kwanza na hiyo kumi na mbili, maana imenieleza mengi kuhusu kijana wako.

Yatazame majibu yake mawili. 8 + 5 anasema 12, kumbe ni 13. 6 + 3 anasema 8, kumbe ni 9. Yote yamepungua moja. Mtoto anayebahatisha hukosea huku na kule, leo 15, kesho 10. Huyu wako anakosea kwa kipimo kilekile, na hiyo ni dalili kwamba ana njia, tena njia nzuri, ila anaianza vibaya. Ninavyoona mimi, anaishika nane kichwani, anainua vidole vitano, kisha anagusa kidole cha kwanza na kusema "nane", cha pili "tisa", cha tatu "kumi", "kumi na moja", "kumi na mbili". Vidole vimeisha, basi jibu ni kumi na mbili. Kidole cha kwanza kilitakiwa kuitwa tisa, yeye amekipa jina la nane ambaye alishaingia ndani.

Mtoto asiyejua kabisa hafanyi kosa hili. Anayeanza kujumlisha huhesabu vyote: anapanga nane, anapanga tano, anarudi mwanzo na kuhesabu moja mpaka kumi na tatu. Vile vistari vya daftarini ndiyo kazi yake. Baadaye anang'amua kwamba nane hana haja ya kuihesabu upya, anaweza kuendelea mbele kutoka pale. Mwanao ameshaanza kuvuka kwenda huko, na kosa lake ni la njiani. Akikatazwa vidole leo atarudi kwenye vistari, au ataanza kubahatisha ili kukuridhisha.

Dawa yake ni kikombe. Chukua mbegu za ubuyu zilizokwisha kumung'unywa, zioshe, zianike. (Kama hapo nyumbani kuna mdogo wake wa miaka miwili au mitatu tumia visoda, maana mbegu ndogo huishia puani na masikioni.) Mwambie ahesabu nane azitie kwenye kikombe, kisha kifunike. Nje ya kikombe weka tano. Aguse kikombe kwa kiganja na kusema "nane", asite kidogo, ndipo aguse mbegu ya kwanza ya nje na kusema "tisa". Kule kugusa kikombe ndiko kunakomfundisha kwamba nane imeshakaa mahali pake na haina kidole chake. Baada ya siku chache ondoa kikombe, aguse kichwa chake badala yake: "nane" kichwani, "tisa" kidole cha kwanza. Watoto wengi niliowafundisha waliachana na kosa hili ndani ya wiki moja au mbili, na wengine siku ileile.

Kabla ya hapo mpime jambo moja. Mwambie, "Hesabu kuanzia saba." Akiweza kusema saba, nane, tisa bila kurudi moja, yuko tayari. Akilazimika kuanzia moja kila mara, kikombe kisubiri. Chezeni kwanza mchezo wa kuendeleza: wewe unasema tano, yeye anasema sita, saba, nane. Mnaweza kuucheza mkiwa njiani kwenda shule au mkisubiri maji yajae ndoo.

Akishashika kuendeleza, mwonyeshe kwamba 2 + 9 na 9 + 2 ni kitu kimoja, hivyo aanze na kubwa. Kuanzia mbili kwenda mbele hatua tisa ni safari ndefu, na njiani atajikwaa. Kuanzia tisa ni hatua mbili tu. Mwaka 1972, huko Marekani, watafiti wawili, Guy Groen na John Parkman, walipima muda ambao watoto wa darasa la kwanza walitumia kujibu hesabu kama hizi. Waliona kwamba muda uliongezeka kadiri ile namba ndogo ilivyokuwa kubwa, yaani watoto walikuwa wakianza na namba kubwa na kuhesabu ndogo kwenda mbele, iwe imeandikwa mwanzo au mwisho. Hesabu za namba mbili zinazofanana, kama 4 + 4, hazikufuata mwendo huo. Zilijibiwa haraka, ziwe ndogo au kubwa. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa vidole. Usimkataze. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mwaka wangu wa kwanza kazini nilivikataza mimi mwenyewe, na najuta mpaka leo. Watoto walificha mikono chini ya dawati. Nilipowaambia waweke mikono juu ya meza, kuna waliohesabu kwa vidole vya miguu, na binti mmoja alikuwa akigusa meno yake kwa ulimi, jino moja moja, midomo imefunga. Nilidhani nimewafundisha hesabu za kichwa, kumbe nilikuwa nimewafundisha kuficha. Vidole huachwa na mtoto mwenyewe, siku anapopata njia iliyo nyepesi kuliko vidole. Kazi yetu ni kumpa hiyo njia.

Mwalimu wake nisingemlaumu. Anayekabili watoto themanini au mia katika chumba kimoja hana nafasi ya kumuuliza kila mmoja amepataje jibu. Vistari vinaonekana daftarini na vinasahihishika, lakini mawazo ya mtoto hayaonekani mpaka umkalishe akueleze. Mwendee kwa heshima, mweleze hiyo habari ya kupungua moja. Mwalimu mwenye moyo atafurahi kuisikia.

Nije kwenye genge lako, maana ndipo mtoto huyu anapojua asichojua kwamba anakijua. Leo jioni usimpe daftari. Mwambie hivi: "Mteja amechukua nyanya za mia nane na vitunguu vya mia tano. Nimdai shilingi ngapi?" Mwache afikiri. Sitashangaa akisema "buku na mia tatu". Kisha muulize polepole: "Umepataje?" Watoto wa magengeni wengi hujibu vivi hivi: "Mia nane, nikaongeza mia mbili ikawa buku, zimebaki mia tatu."

Mama, hiyo ndiyo 8 + 5. Ameivunja tano kuwa mbili na tatu, ameichukua mbili kuijaza nane iwe kumi, imebaki tatu, jibu ni kumi na tatu. Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote katika kujumlisha namba ndogo, na mwanao anaitumia akiwa kati ya mchicha na nyanya chungu, ila hajui kwamba inaruhusiwa darasani. Kwake hesabu za shule na hesabu za genge ni vitu viwili. Hayuko peke yake. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watoto watano wachuuzi wa mjini Recife, Brazil, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Wakiwa sokoni wanauza, watoto hao walipata karibu asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Walipopewa hesabu za aina ileile kwenye karatasi, bila bidhaa wala mteja, wakapata kama asilimia 37.

Kwa hiyo kazi yako ni kuleta buku nyumbani na kuiita kumi. Panga sarafu za mia mia, kumi. Mwambie hii ni buku. Kisha ondoa neno mia: "Sarafu nane na sarafu tano?" Kesho yake tumia mbegu mahali pa sarafu. Keshokutwa tumia namba tupu. Daraja hilo livukwe taratibu, na kila akikwama mrudishe kwenye pesa.

Kwa mbegu kuna zana moja nzuri unaweza kuifaragua bure. Trei ya mayai thelathini ina mistari sita, kila mstari vishimo vitano. Ikate mistari miwili miwili, utapata vitrei vitatu vya vishimo kumi kumi. Tia mbegu nane kwenye kitrei kimoja: vishimo viwili vitabaki wazi, na mtoto anaona kwa macho kwamba nane inahitaji mbili kufika kumi. Tano zitie kwenye kitrei cha pili. Sasa mwambie ahamishe mbegu kujaza kitrei cha kwanza. Zikihama mbili, cha pili kinabaki na tatu. Kumi na tatu.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyofikiri. "Kumi na tatu" ni kumi, na tatu. Jina lenyewe limebeba hesabu. Wachina na Wajapani nao husema hivyo, kumi-tatu. Kwa Kiingereza majina ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi iko wapi, na mtoto anayesoma shule ya Kiingereza hubeba mzigo wa ziada hapo. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo afanye mchezo huu kwa Kiswahili kwanza. Kwetu sisi ugumu unakuja mbele zaidi, kwenye ishirini, thelathini na arobaini, majina tuliyoyachukua kutoka Kiarabu ambayo mtoto hawezi kusikia mbili, tatu na nne ndani yake. Huko tumia "makumi mawili", "makumi matatu" kwa muda, mpaka akili ikae.

Kujaza kumi kunataka mtoto awe na mambo mawili mkononi, na wengi hukwama kwa kukosa hilo la pili. La kwanza ni jozi za kumi: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Vidole vyake kumi vinatosha kumfundisha. Akunje vitatu, aseme vilivyosimama. La pili ni kuvunja namba ndogo: kujua kwamba tano ni mbili na tatu, pia ni moja na nne, na kwamba saba ina tatu na nne ndani yake. Hili halifundishwi vya kutosha, na mimi ningelipa muda mrefu kuliko lolote. Mchezo wake ni wa kuficha. Weka mbegu saba mezani, ahesabu mwenyewe. Afumbe macho, wewe funika baadhi kwa bakuli. Akifumbua anaona tatu: zilizofichwa ngapi? Anza na tano, nenda sita, nenda saba, usikimbilie kumi. Kisha mbadilishane, yeye afiche na wewe ujibu, na mara mojamoja ukosee makusudi ili akusahihishe.

Jambo jingine ni namba pacha: 2 na 2, 3 na 3, mpaka 9 na 9. Hizi ndizo zilizojibiwa haraka katika ule utafiti wa 1972, na hata hapa kwetu watoto huzishika mapema. Jero na jero ni buku, nani asiyejua? Mikono miwili ni tano na tano. Mbuzi wawili wana miguu minne na minne. Akizijua pacha, jirani zake zinakuja zenyewe: 6 + 7 ni 6 na 6 ukaongeza moja. Ukimsikia anasema, "sita na sita kumi na mbili, kwa hiyo kumi na tatu," mpongeze kwa hilo neno "kwa hiyo". Hapo ametumia anachojua kupata asichojua.

Kuhusu kukariri jedwali lote: kijana wa tuisheni ana nia njema, ila hebu tulihesabu hilo jedwali. Namba 1 mpaka 9, kila moja ikijumlishwa na kila moja, zinatoa hesabu 81. Mtoto akishajua kwamba 2 + 9 na 9 + 2 ni moja, zinabaki 45. Toa za kuongeza moja na za kuongeza mbili, ambazo ni kusogea hatua moja au mbili tu: zimekwenda 17, zimebaki 28. Toa pacha kuanzia 3 na 3 hadi 9 na 9, saba: zimebaki 21. Toa jozi za kumi ambazo hazijatoka, 3 na 7, 4 na 6: zimebaki 19. Toa zenye tisa, kwa sababu tisa inahitaji moja tu kujaa: zimekwenda sita, zimebaki 13. Toa jirani za pacha, 3 na 4, 4 na 5, 5 na 6, 6 na 7, 7 na 8. Zimebaki nane tu katika zile 45: 3 + 5, 3 + 6, 3 + 8, 4 + 7, 4 + 8, 5 + 7, 5 + 8 na 6 + 8.

Na hizo nane zina njia. Zenye nane ndani yake, na 4 + 7, zijaze kumi. 3 + 5 inaonekana kwenye vidole: mkono mzima na vidole vitatu. 3 + 6 ni mafiga matatu mara tatu, au 3 + 7 ukapunguza moja. 5 + 7 sawazisha: saba impe tano moja, ziwe sita na sita. 6 + 8 vilevile, saba na saba. Chukua karatasi ya manila, mchoree jedwali hilo la miraba 81 ukutani, na kila hesabu anayoweza kukueleza amepataje, aipake rangi. Namaanisha kueleza. Kutaja jibu peke yake kusimpe rangi. Atakapoona ukuta unajaa rangi na weupe unapungua, hutahitaji kumsukuma.

Simpingi anayesema mtoto mwishowe akumbuke 8 + 5 papo hapo. Nami nataka afike huko. Ila aliyekariri bila njia, siku akisahau hana pa kushika. Anayejua kujaza kumi akisahau anaijenga tena kwa sekunde chache, na kila akiijenga inazidi kukaa, mpaka siku moja inatoka bila kujengwa.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Usimpime kwa saa, usimshindanishe na ndugu zake, na fimbo isiwepo karibu. Mtoto mwenye hofu hutafuta jibu usoni mwako badala ya kulitafuta kwenye namba. Na akipata jibu sahihi muulize "umepataje?" vilevile kama alipokosa, kwa sauti ileile, la sivyo atajifunza kwamba swali hilo maana yake ni "umekosea".

Kama akipewa mbegu kumi hawezi kuzigusa moja moja bila kuruka au kurudia, au kama hatambui mbegu tatu kwa kuziangalia tu bila kuhesabu, anzeni hapo kwanza, na mpeleke apimwe macho na masikio. Kwa ulivyomweleza sidhani.

Kesho jioni funga genge mapema kidogo, mpe kikombe, mbegu nane za ndani na tano za nje. Akisema kumi na mbili tena, usimsahihishe. Mwambie akuonyeshe alivyohesabu, kisha sikiliza ile mbegu ya kwanza ya nje anaiita nani.